Kilichokuwa Mdomoni mwa Punda wa Mama

Punda wa mama hakuwa na jina. Marehemu baba alimpata kwa wafugaji wa chini huko bonde la Rukwa, kwa kubadilishana na mbuzi, akampandisha mlima hadi Kasense. Majirani walikuja kumshangaa, maana wengine wote tulikuwa watu wa maksai. Baba alipoulizwa anaitwaje, alijibu kwamba punda anaitwa punda. Mama naye alimwita "wewe." Akiita "wewe, njoo," tuligeuka wote wawili, mimi na punda, na mara nyingi aliyetakiwa alikuwa punda.

Mimi naishi Milanzi. Mume wangu na mimi tuna duka la vifaa vya ujenzi: misumari, bati, kufuli, tupa, rangi za mlango. Kazi hiyo inanifaa kwa sababu nina ugonjwa wa kuuliza. Mtu akija kununua bawaba moja, lazima nijue ya mlango gani, na mlango huo ulifanywa nini mpaka ukabaki na bawaba moja. Mume wangu husema siku moja nitaenda msibani nimuulize marehemu mwenyewe. Sikatai.

Baba alipofariki, tulikaa na mama sisi wanawe watatu. Kaka zangu wako mbali, mmoja Kabwe kwenye biashara ya dagaa na mwingine Mpanda. Wote wawili walinitazama mimi, na mimi nilimtazama mama. Nikamwambia ahamie kwangu. Nyumba yetu ina chumba cha nyuma kinachopata jua la asubuhi, na kwenye baridi ya Sumbawanga jua la asubuhi si jambo dogo. Nilikuwa nimeshakipaka rangi. Nilikuwa nimeshanunua godoro.

Mama alisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Maji nachota na punda. Kuni naleta na punda. Mahindi nayapeleka mashineni na punda. Sasa mimi nakuja kwako kufanya nini, kuangalia watu wananunua misumari?"

"Utapumzika, mama."

"Siku punda huyu akishindwa kula na kubeba, nitafunga mlango huu nije. Nimesema mbele yenu wote."

Kaka zangu wakasema basi, neno limetoka, tukaishia hapo. Mama si mtu wa kugeuza neno. Tangu siku ile nikaanza kumtazama yule punda kwa jicho lingine. Nasema kweli, nilikuwa namhesabia umri. Kila nilipokwenda Kasense nilimwamkia mama shikamoo, naye akiwa bado kwenye marahaba, macho yangu yalikuwa yameshakwenda kwenye mgongo wa punda.

Mwaka jana kiangazi punda alianza kukonda.

Kwanza ilikuwa shingo. Kisha mbavu zikaonekana, halafu mifupa ya nyonga ikatokeza chini ya ngozi, na manyoya yake, ambayo kawaida hulala vizuri, yakasimama hovyo. Nikamuuliza mama punda ana nini. "Anazeeka," alisema. "Kwani wewe huzeeki?" Nikauliza kama anakula. "Anakula sana. Angalia hori, hakijabaki kitu." Na kweli, hori la mti alilolichonga baba lilikuwa tupu na limefutwa safi. Uwanja nao ulikuwa umefagiliwa kuzunguka mahali punda alipofungwa, alama za ufagio zikionekana bado mbichi. Nilimsifu mama kwa usafi. Akaguna tu.

Jambo hilo lilinikera kichwani njia nzima ya kurudi. Mnyama anayemaliza chakula hakondi hivyo. Niliporudi tena nilimkaribia punda, nikasimama naye uso kwa uso, nikasikia harufu. Ilikuwa harufu mbaya, ya kitu kilichooza mahali pasipofikiwa na hewa. Mama akaniita haraka nije ninywe chai. Nikiwa nakunywa nilimwona punda kwa mbali akitafuna. Alitafuna polepole, kichwa amekiinamisha upande mmoja, na mara kwa mara alisimama katikati ya kutafuna akakaa tu, mdomo wazi kidogo, mate yanadondoka.

"Mama, mbona anatafuna hivyo?"

"Anatafuna anavyojua. Kunywa chai itapoa."

Mama yangu akianza kuhimiza chai, ujue kuna kitu. Lakini sikukigundua siku ile.

Mvua za kwanza zilipofika nilikwenda kumsaidia kupasua ntumba. Asiyekijua kilimo chetu nimweleze kidogo: mvua zinapokaribia mwisho, Wafipa tunalima nyasi mbichi tunazifukia ndani ya vilima vya udongo vya duara, juu yake tunapanda maharage, na nyasi zile zinabaki ndani zinaoza taratibu mpaka msimu unaofuata. Hapo tunapasua vilima, tunasambaza udongo ule mweusi, tunamwaga ulezi. Ndiyo mbolea yetu tangu enzi za mababu. Shamba la mama liko nyuma ya nyumba tu, na ntumba zake zilikuwa zimejipanga vizuri mpaka kwenye mtaro.

Bega la mama lilikuwa linamsumbua tangu baada ya Pasaka, hawezi kuinua jembe juu, kwa hiyo mimi nilipasua na yeye akasambaza kwa mkono mmoja. Tulianzia upande wa mtaro. Tulipokaribia nyumba, akasema, "Hizi za huku ziache. Nitazimalizia mwenyewe."

"Kwa bega lipi?"

"Nimesema ziache."

Sasa mtu kama mimi ukimwambia aache kitu, ndiyo umemwita. Nilipiga jembe kwenye ntumba ya karibu kabisa na zizi. Udongo ukafunguka, na ndani yake, badala ya nyasi zilizooza, yakatoka matonge. Matonge ya mabua ya mahindi na majani makavu, yametafunwa nusu, yamesokotwa na kubanwa yakawa marefu kiasi cha kidole gumba. Mengine yalikuwa yamekauka. Mengine yalikuwa na unyevu bado. Nikapasua ntumba ya pili, yamo. Ya tatu, yamo. Niliokota moja nikalinusa, na ilikuwa ile harufu.

Nikageuka. Mama alikuwa ameshakaa chini, kwenye udongo wenyewe, miguu ameinyoosha mbele.

"Anayatema," alisema. "Anatafuna, anatafuna, halafu anayatema. Kila asubuhi nayakuta chini ya hori."

"Na wewe unayafukia."

"Nayafagia kabla hujaja, nayafukia. Sasa ningeyaweka wapi, na wewe huachi kuchungulia mpaka jalalani?"

Nilikaa karibu yake. Akaniambia yote bila kunitazama. Alikuwa anaamini kwamba mnyama akianza kutema chakula amefika mwisho wake, hakuna dawa, na alijua siku nitakayoyaona matonge yale nitasema siku ya ahadi imefika. Kwa hiyo hakumwita daktari wa mifugo, kwa sababu daktari angekuja, majirani wangeona, na habari ingefika Milanzi kabla daktari hajapanda pikipiki yake kurudi. Alijitahidi peke yake. Alimpa punda mabua mengi zaidi, akidhani kwenye mengi hayatakosa machache yatakayoshuka tumboni. Punda akayatema mengi zaidi, na mama akazidi kufukia.

"Yalianza lini?" nikauliza.

"Baada ya Pasaka. Kabla ya hapo alikuwa mzima kabisa, anakula mpaka analamba."

"Alikuwa anakula nini?"

Nami nikamwona mama akifikiri, na nadhani tulifika pale pamoja. Kabla bega halijamuuma, mama alikuwa anapika pombe ya ulezi, na machicha yote ya pombe alikuwa anampa punda. Majirani walikuwa wakimtania kwamba punda wake ndiye mlevi pekee wa Kasense asiyegombana na mtu. Machicha ni laini, hayahitaji kutafunwa, yanamezwa tu. Bega lilipogoma kukoroga chungu, pombe ikaisha, machicha yakaisha, na punda akarudishiwa mabua. Kwa hiyo ugonjwa haukuanza Pasaka. Ulikuwa mdomoni muda mrefu, labda miaka, na machicha ndiyo yaliyokuwa yanauficha.

Nataka kusema ukweli kuhusu nilichokisikia moyoni dakika ile, maana bila huo ukweli habari hii haina maana. Nilifurahi. Punda ameshindwa kula. Mbavu zile haziwezi kubeba hata dumu moja. Nilikiona chumba cha nyuma na mama akiota jua asubuhi, nami nikipita na kikombe cha uji bila kupanda pikipiki wala kuogopa kwamba ameanguka bafuni na hakuna wa kumsikia. Hofu hiyo ndiyo iliyokuwa inanikosesha raha tangu baba aondoke. Nilitakiwa kunyamaza tu, na wiki chache za mabua zingemaliza kazi.

Lakini lile tonge lilikuwa bado mkononi mwangu, na nilitaka kujua. Mdomo mzima wa mnyama mkubwa vile, unaofungwa na kufunguliwa siku nzima mbele ya macho ya watu, una nini ndani? Mama angehamia kwangu, punda angekufa, na mimi nisingejua kamwe. Sikuweza kuvumilia. Siku ya pili yake nikaenda mjini kumtafuta daktari wa mifugo.

Alikuwa mama mmoja mtu wa Mbeya, mrefu, mwenye sauti ya kwaya, aliyehamishiwa kwetu kikazi. Nilipomweleza habari ya matonge alinikatiza. "Dada, usiendelee. Hayo ni meno. Watu wananiita wakati punda ameshalala chini hainuki. Nakuja kesho."

Alikuja kweli, na sanduku la bati nyuma ya pikipiki. Akamwamkia mama shikamoo kwa kuchuchumaa kidogo, mama akaitikia marahaba bila furaha, akabaki amesimama mlangoni na kanga imefunga bega. Daktari akampiga punda sindano ya kumlegeza. Baada ya muda kichwa kikaanza kushuka chenyewe, mdomo wa chini ukaning'inia, tukakiegemeza kichwa juu ya magunia mawili ya pumba. Kisha akatoa chuma cha kuachamishia taya, akakifunga, akazungusha kibano chake taratibu, na mdomo wa punda ukafunguka.

Niliomba nitazame. Alinicheka, akanivika tochi yake ya kichwani.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Nilidhani meno ya punda ni yale ya mbele ya njano anayotuonyesha akipiga kelele. Kumbe hayo ni ya kukatia tu. Nyuma huko kuna ukuta mzima wa magego, yamepangana mengi, marefu, yanakwenda mbali kuliko mkono ungedhani. Daktari akanieleza kwamba meno ya punda na farasi hayako kama yetu. Yetu yakishaota yameota. Yao yana akiba ndefu ndani ya taya, na kadiri majani yanavyoyasaga, ndivyo yanavyozidi kusukumwa nje, mwaka hadi mwaka, mpaka uzeeni akiba iishe. Na kwa sababu taya la juu ni pana kuliko la chini, hayasagiki sawasawa. Ukingo wa nje wa yale ya juu unabaki na ncha.

"Gusa hapa," alisema, na akaniongoza kidole.

Nauza mabati, najua makali ya bati lililokatwa vibaya. Yalikuwa vilevile. Na ndani ya shavu, mbele ya zile ncha, nyama ilikuwa imechanika, kidonda juu ya kovu. Kila akitafuna anajikata. Ndiyo maana alikuwa anainamisha kichwa.

Upande wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Gego moja la chini halikuwapo, lilishang'oka zamani bila mtu kujua, na lile la juu lililokuwa likikutana nalo, kwa kukosa wa kulisaga, lilikuwa limeshuka likaingia kwenye pengo. Karibu na hapo meno mawili yalikuwa yameachana kidogo. Kwenye mwanya huo majani yalikuwa yamejibana na kuoza, mengine ya kijani, mengine meusi. Daktari alipoyachokoa na kupuliza maji ya chumvi kwa bomba kubwa la sindano, ilitoka harufu iliyomfanya mama mlangoni aweke kanga puani. Chini yake fizi ilikuwa imevimba, nyekundu iliyokolea, imejitenga na jino kiasi cha kupitisha ncha ya kalamu. Ikaanza kutoka damu.

"Hii fizi ndiyo inayomuua," daktari alisema. "Jani linaingia, linaoza, fizi inakimbia, mwanya unakuwa mkubwa, linaingia jani jingine. Hapa penyewe jino linacheza." Alilishika na koleo, likatikisika. Alichukua muda kulitoa, akilizungusha kidogo kidogo kwa subira, na lilipotoka nilishangaa lilivyo fupi. Nilitegemea mzizi mrefu. Akiba ilikuwa imekwisha.

Kisha akachukua tupa yake ya mpini mrefu akaanza kusugua zile ncha, sauti inasikika mpaka kwa jirani. Hakusugua sana. Nilimuuliza kwa nini asiyasawazishe yote yakawa laini kabisa maana ndio kwanza alikuwa ameanza. Akasema punda mzee ukimsugua sana unamwacha na fizi tupu, yamebaki machache na anayahitaji. Unaondoa kinachomkata, basi, mengine unamwachia.

Mama alikuwa amesogea bila sisi kujua. Alikuwa amesimama nyuma yangu, anatazama juu ya bega langu mle mdomoni. Alitazama kwa muda mrefu. "Alikuwa anaumwa," alisema, na si kama swali.

"Anaumwa sana, bibi. Lakini wanyama hawa hawalii."

Mama akaanza kulia yeye. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Daktari aliendelea kuosha vifaa vyake, na mimi nilimshika mama mkono wa bega zima.

Kabla ya kuondoka daktari alitoa maelekezo. Mabua marufuku. Pumba ilowekwe kwenye maji ya vuguvugu mpaka iwe uji mzito, na nyasi mbichi zikatwe fupi fupi, asubuhi na jioni, kila siku ya maisha yake yaliyobaki. Mdomo usukutuliwe kwa maji ya chumvi. Asibebeshwe kitu mpaka mwili urudi, na hata ukirudi, mizigo mizito basi.

"Atakaa muda gani?" niliuliza.

"Akila laini? Anaweza kukaa miaka, dada. Moyo wake ni mzima kabisa."

Alipoondoka, mama aliingia ndani. Nilibaki na punda, dawa inamtoka polepole, nikaloweka pumba ya kwanza kwenye kile chungu cha pombe kilichokuwa kimekaa bure. Aliponyanyua kichwa vizuri nikamwekea. Alinusa. Akaingiza mdomo. Hakuinamisha kichwa upande wowote. Alikula mpaka mwisho, akalamba chungu, na chini hapakuwa na tonge hata moja. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa, nikamwita mama aje aone.

Mama alitoka na furushi. Alikuwa amefunga vitenge vyake, blanketi, na rozari juu yake.

"Unakwenda wapi?"

"Kwako. Si nilisema? Punda amepigwa marufuku kubeba, nimesikia mwenyewe. Sikutaka ulione hili, nimekuficha miezi yote hii, na kwa kukuficha nimemtesa mnyama wa baba yako. Imetosha. Twende naye, utamtafutia pa kumfunga hapo nyuma ya duka."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa amesimama wima, viatu vya kanisani miguuni, macho makavu sasa, anangoja nitangulie. Nilichokuwa nakitaka kwa muda wote ule kilikuwa mbele yangu kimefunga furushi. Nikatazama uso wake. Nilikuwa nimetoka kutazama ndani ya mdomo wa mnyama anayeumwa bila kutoa sauti, na sikuweza tena kujifanya sioni.

"Mama," nikasema, "ulisema akishindwa kula na kubeba. Kula anakula."

"Kubeba je?"

"Ulisema kula *na* kubeba. Hajashindwa vyote viwili."

Alinitazama sana. Mtoto wake ndiye anayemtetea dhidi ya neno lake mwenyewe, tena mtoto huyu. Midomo ikamtetemeka, nikadhani atalia tena, kumbe ni kicheko kilikuwa kinatafuta pa kutokea.

"Na maji nani atachota? Na nyasi fupi fupi hizo, kwa bega hili?"

"Mimi."

"Asubuhi na jioni?"

"Asubuhi na jioni."

"Na duka?"

"Duka lina mwenyewe, si ana mikono miwili?"

Akaliweka furushi chini, akalikalia, akavua viatu. Nilirudi Milanzi nikilia juu ya pikipiki mpaka dereva akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, punda wa mama amepona. Hakuniuliza tena.

Siku iliyofuata, kabla watu wa duka hawajaamka, nilikuwa Kasense na panga, umande umenilowesha mpaka magotini, nakata nyasi.